Sentimita Sitini za Kuiokoa Kimbunga

Jumatatu, 3 Juni

Barua imefika. Kamati ya Ligi ya Mkoa. Ukurasa mmoja, sumu tupu. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Haikubadilika.

Mechi ya mwisho ya msimu ni Jumamosi hii, uwanjani kwetu, Kimbunga na Umeme. Timu itakayoshika mkia wa ligi itavunjwa na kumezwa na timu jirani. Halafu, kana kwamba hiyo haitoshi, magoli yetu hayafai. (Mwezi jana mtambaapanya ulianguka wakati wa kona, ukamkosa mshika kibendera kwa unywele. Yule bwana hajarudi uwanjani mpaka leo.) Tujenge mapya kabla ya mechi. Upana mita saba na sentimita thelathini na mbili, bila kupungua.

Mkia tumeushika sisi. Tangu Machi. Tumeushika kwa mikono miwili kama mtu aliyekamata ng'ombe anayekimbia. Sare moja tu inatuokoa. Lakini sare na Umeme! Mara ya mwisho walitufunga sita, na kipa wao alikuwa anamenya chungwa.

Na timu jirani ni ipi? Umeme hao hao. Na mwenyekiti wao nani? Shemeji! Kaka wa mke wangu, muuza viatu, mwenye simu tatu na hapigiwi hata moja. Kimbunga aliianzisha marehemu kaka yangu kwa mpira wa kuazima. Leo imezwe na duka la viatu? Na muhuri wetu akabidhiwe yeye?

Muhuri ninao mimi, Katibu Mkuu, mwaka wa tisa sasa. Nimegonga barua, kadi za wachezaji, mipira, chupa za maji. Mama Watoto anasema nimegonga kila kitu humu ndani isipokuwa yeye, na yeye alipona kwa sababu ana mbio.

Lakini ngoja. Magoli mapya nani anajenga? Seremala. Na seremala wa mtaa huu ni nani?

Natabasamu peke yangu karakanani. Jirani kaniuliza kama meno yananiuma.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata! Shajara, funga mdomo.

Goli letu nitalipunguza sentimita sitini. Basi. Upande wa ukuta, ambako tutalinda sisi, goli jembamba. Upande wa barabara, tunakoshambulia, goli kamili kama barua inavyotaka. Nani anapima goli? Watu wanatazama mpira. Mimi nimetembea, nimefanya kazi bandari mbili na hoteli moja yenye lifti. Kote huko sijamwona mtu analipima goli.

Tena kipa wetu anahitaji msaada. Jina lake la uwanjani ni Mlango. Nilipokuwa mgeni klabuni nilidhani ni sifa. Kumbe ni kwa sababu yuko wazi. Mchana anauza mikate, na mikate nayo humponyoka.

Nimemwambia Mama Watoto anishonee nyavu mbili, moja ya mita saba na kitu, nyingine pungufu. Kakataa. Kasema barua ameisoma, imeandikwa mita saba na thelathini na mbili, na uzi ni wake, cherehani ni yake. Ikabidi nimweleze siri yote, ili aone ukubwa wa akili aliyoolewa nayo.

Kasikiliza. Kakata uzi kwa meno. Kisha kaniuliza, taratibu kabisa, baada ya mapumziko timu yangu inalinda goli lipi.

Nikasema la upande wa...

Nimetoka nje kupunga upepo.

Jumatano, 5 Juni

Timu zinabadilishana upande! Sheria ya kipuuzi. Aliyeitunga hakuwa seremala.

Lakini akili ni nywele, na mimi hata masikioni ninazo. Suluhisho: nguzo zinazohama. Kila goli litakuwa na nguzo moja isiyosogea na moja inayosogea. Nguzo inayosogea itakuwa na mashimo mawili, shimo la goli jembamba na shimo la goli pana, yakiachana sentimita sitini. Lisilotumika nalifunika kwa ubao, juu namwaga udongo. Kipindi cha kwanza, goli la ukuta jembamba na la barabara pana. Mapumziko, nafanya "ukaguzi wa Katibu," nahamisha nguzo mbili. Kipindi cha pili, goli la ukuta pana na la barabara jembamba. Dakika tisini zote tunalinda goli dogo, tunashambulia kubwa. Nimeandika mpango kwenye karatasi, nikaugonga muhuri ili niufuate bila kukosea.

Nguzo nazo nimezigonga muhuri. Nne zote. IMEKAGULIWA, na sahihi yangu yenye maua. Mbao mpya bila muhuri ni kama mtoto bila jina.

Alhamisi, 6 Juni

Nimechimba mashimo saa saba mchana, jua la kupasua kichwa, kila mtu kajificha ndani. Mikono imetoka malengelenge. Mama Watoto kaniletea maji, kayatazama mashimo, kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia methali ni za watu wasio na mpango.

Kafunga nyavu zake, zote mbili pana, kutoka ncha hadi ncha ya mtambaapanya. Hapo ndipo nikaona tatizo dogo. Upande wa ukuta nguzo imeingia ndani, lakini mtambaapanya na wavu vimebaki palepale, vimechungulia nje sentimita sitini. Kama suruali iliyomkimbia mwenyewe.

Shemeji hakukawia. Kapita na viatu vinavyong'aa kama sufuria ya mgeni, kasimama, kauliza ule mkia wa mbao ni wa nini. Nikasema ni mtindo wa kimataifa, unapunguza upepo. Kasema oho. Kaniuliza kama Jumatatu namkabidhi muhuri saa mbili asubuhi au saa tatu, maana saa tatu ana miadi. Nikamwambia shemeji wewe una miadi na nani, hata simu zako zinakukimbia. Kacheka mpaka kashika goli. Goli likatikisika. Nikamwomba asiliguse, rangi haijakauka.

Halijapakwa rangi.

Nimeziba lile pengo kwa bendera ya klabu. Inaning'inia kutoka mtambaapanya mpaka chini, inapendeza. Mapumziko nitaihamishia upande wa barabara.

Ijumaa, 7 Juni

Kamati imetangaza mwamuzi. Ni fundi marumaru, yule mwembamba wa penseli sikioni. Nesi wa zahanati kanihadithia kwamba huyu bwana alibomoa mstari mzima wa marumaru alizoziweka mwenyewe, kwa sababu ya mwanya wa unene wa msumari. Kocha wetu, ambaye ni kinyozi, kaingiwa na hofu. Nikamtuliza. Mtu anayetazama sakafu mwaka mzima hawezi kuona nguzo.

Nyumbani, wakati napiga pasi sare ya Katibu, Mama Watoto kauliza tena swali lake dogo. Kasema kesho nani anachagua upande.

Huyu mwanamke! Ningemwoa mara ya pili, ila maswali yake yananizeesha.

Kuna kura ya shilingi. Niliisahau. Nimekimbia mpaka kwa Mlango, nimemkuta anapanga mikate. Yeye ndiye nahodha. (Tulimpa unahodha ili apate kitu cha kushika.) Nimemwambia akishinda kura achague kulinda upande wa ukuta. Kasema sawa. Nikamwambia rudia. Karudia. Mara tatu. Nikamgongea muhuri mkononi, neno UKUTA nikaliongeza kwa kalamu.

Sasa hakuna kilichobaki. Nimefikiria yote.

Jumamosi, 8 Juni

Siandiki vizuri. Mguu uko kwenye beseni la maji ya chumvi. Nitaeleza kwa mpangilio, kama mwanaume.

Watu wamejaa. Umeme wamekuja na ngoma, Shemeji na kiti chake cha kukunja. Kura imerushwa. Mlango kashinda! Nikaruka juu. Kanyoosha kidole. Barabara!

Nimemfuata, nimemvuta shati, nimemwonyesha mkono wake mwenyewe. Kasema anajua, Katibu, lakini shangazi yake kaja kumwona akicheza kwa mara ya kwanza maishani, na amesimama upande wa barabara, na miguu inamsumbua. Angemtembeza mwanamke wa watu uwanja mzima?

Shangazi kanipungia mkono. Nami nikampungia. Ningefanyaje?

Kwa hiyo kipindi cha kwanza, goli letu pana, goli la Umeme jembamba. Mshambuliaji wetu, fundi baiskeli tunayemwita Breki, leo kaamka na mguu wa dhahabu. Dakika ya tisa kapiga shuti, nguzo! Dakika ya ishirini na sita, nguzo tena! Ile ile. Mashabiki wanashika vichwa. Kinyozi anauliza mbingu tumekosa nini. Mimi natazama viatu vyangu. Mabao mawili halali hayo, yameliwa na mtu mmoja mwenye akili nyingi.

Dakika ya arobaini, Umeme wakapiga mpira wa kizembe, wa kubembeleza mtoto. Mlango alikuwa anamsalimia shangazi. Moja bila.

Mapumziko. Hapa naomba shajara inielewe. Mtu akishaandika mpango, akaugonga muhuri, anaufuata. Ndiyo maana ya muhuri. Nikatoka na nyundo, ngazi na uso wa kazi, nikitangaza ukaguzi wa Katibu, tafadhali pisheni. Upande wa ukuta nikang'oa nguzo, nikaitumbukiza shimo la nje. Goli pana. Nikabeba bendera, nikakimbia uwanja mzima kama mwizi wa nguo. Upande wa barabara nikafukua ubao, nikang'oa nguzo, nikarudi nyuma hatua moja kuitazama, nikatumbukia kwenye shimo lililobaki wazi. Mguu mzima mpaka gotini! Shangazi yake Mlango kanivuta. Ana nguvu, licha ya miguu. Nikaingiza nguzo shimo la ndani, nikafukia lile lingine, nikatundika bendera. Goli jembamba. Filimbi. Kazi safi. Hata kijasho kilikuwa kitamu.

Timu zikabadilishana upande.

Nikawaona Kimbunga wanakwenda kulinda upande wa ukuta. Goli pana. Nikawaona Umeme wanakuja kulinda upande wa barabara. Goli jembamba.

Ningekaa tu! Ningekaa chini nile karanga, kila kitu kingekuwa sawa chenyewe! Jembamba letu, pana lao! Nimelikimbilia balaa, nimelibeba, nimelihamisha kwa mikono yangu!

Mama Watoto, aliyekuwa pembeni yangu, kanipa kitambaa cha kujifutia.

Kipindi cha pili Breki kagonga nguzo mara mbili zaidi. Mara ya nne kaikumbatia ile nguzo, kaiuliza inataka nini kwake. Shemeji kwenye kiti chake anaimba muhuri, muhuri, saa mbili au saa tatu.

Dakika ya tisini. Nilikuwa nimefumba macho, namwomba radhi kaka yangu. Breki kapiga kwa hasira, bila kulenga. Mpira ukapita nje ya nguzo, kiganja kimoja. Ukaingia kwenye bendera ya klabu, ukaing'oa, ukajiviringisha ndani yake kama mtoto kwenye kanga, ukatua wavuni.

Wavuni! Wavu wa Mama Watoto, mita saba na thelathini na mbili!

Nje ya nguzo, chini ya mtambaapanya, ndani ya wavu. Nani amewahi kuona kitu kama hicho? Fundi marumaru katembea polepole. Katazama nguzo. Kainamisha kichwa kushoto. Kaona udongo mbichi, kapiga teke, mguu ukazama. Kisha, sitasahau, kaingiza mkono kwenye kaptula, katoa futi ya chuma. Mwamuzi gani anachezesha mpira na futi mfukoni?

Kapima. Kasema kwa sauti, mita sita na sabini na mbili. Akapima tena mpaka lile shimo. Saba na thelathini na mbili. Akatazama ulipopita mpira. Akaonyesha katikati ya uwanja.

Bao! Moja moja! Sare! Nimeruka kwa mguu mmoja, nimemkumbatia shangazi.

Halafu mwamuzi kauliza nani alijenga haya magoli. Akachuchumaa, akasoma kwenye nguzo. IMEKAGULIWA. KATIBU MKUU. Na sahihi yangu, ile ya maua.

Jumapili, 9 Juni

Hakuna aliyekuja kunipongeza. Kinyozi nilipomsalimia kajifanya ananoa wembe. Breki kapita na baiskeli, hakupiga kengele. Mlango kaniletea mkate, kauweka mlangoni, kaondoka bila kugonga.

Mama Watoto kanifafanulia mtaa unasema nini. Wanasema niliuza mechi. Goli lilibanwa upande tulioshambulia sisi, vipindi vyote viwili, na aliyekuwa akilibana ni mimi, na mwenyekiti wa Umeme ni shemeji yangu. Ukilitazama hivyo, hata mimi nisingejisalimia.

Mimi! Niiuze Kimbunga, mtoto wa kaka yangu!

Kesho kutwa Kamati inaniita. Bao lenyewe pia litajadiliwa. Wakilifuta, tumekwisha.

Jumanne, 11 Juni

Kikao kilifanyika kwenye darasa la watoto. Tumekaa kwenye madawati, magoti yakigusa kidevu. Mwenyekiti wa Kamati ni mkunga mstaafu, mama mkubwa wa miwani, ambaye kwa miaka arobaini amesikia kila uongo ambao mwanaume anaweza kuusema mlangoni mwa wodi.

Kasoma faili. Kavua miwani. Kaniuliza Umeme waliniahidi nini.

Nikaanza kueleza habari za upepo na mtindo wa kimataifa. Kaninyooshea kidole, nikanyamaza.

Ndipo Shemeji akasimama. Nikajua nimekwisha. Kasema, "Mama, huyu si msaliti. Huyu ni mjinga." Kaendelea kusema kwamba amenijua miaka kumi na minne, kwamba siku ya harusi nilijenga jukwaa nikajifungia chini yake, na kwamba kama kweli ningetaka kuisaidia Umeme, Umeme ingekuwa imeshashuka daraja.

Wakamwita Mama Watoto. Kasimulia yote. Nyavu, mapumziko, mashimo, shilingi, shangazi. Bila kuongeza chumvi, na ndiyo iliyouma. Alipofika pale nilipokimbia na bendera, mjumbe mmoja kaangusha kalamu, hakuinuka tena kutoka chini ya dawati. Fundi marumaru alikuwa analia machozi. Mkunga kashika mbavu, kaomba maji.

Kisha kajifuta, kanitazama vizuri. Kasema kuna karatasi mbili. Ya kwanza inasema niliuza mechi, nafungiwa maisha, na sare inafutwa. Ya pili inasema nilijaribu kuidanganya Umeme, nikaidanganya timu yangu mwenyewe mara mbili kwa mkupuo kwa sababu ya ujinga. Hapo napoteza ukatibu tu. Nichague nitie sahihi ipi.

Nikauliza kama hakuna ya tatu. Hakuna.

Shajara, mimi nimefika bandari mbili. Sijawahi kuliandika lile neno karibu na jina langu. Nikamtazama Breki, amekuja na mafuta ya mnyororo mikononi. Nikamtazama Mlango. Nikaukumbuka ule mpira wa kuazima, kaka yangu anaupuliza kwa mdomo mpaka mashavu yanauma.

Nikasaini ya pili. Sahihi ndogo. Bila maua.

Uamuzi: bao lilipita ndani ya kipimo cha barua, kwa hiyo bao ni bao. Hila niliyofanya haikumuumiza mtu mwingine isipokuwa sisi wenyewe, kwa hiyo adhabu tumeshajipa. Sare inabaki. Umeme wanashika nafasi yao, Kimbunga inabaki kwenye ligi! Kinyozi kanibusu utosini. Breki kapiga kengele ya baiskeli ambayo sijui aliiingizaje darasani.

Na muhuri? Mkunga kasema upewe mtu pekee katika faili hili lote aliyeisoma barua na kuifuata. Mama Watoto kaupokea kwa mikono miwili. Kaufuta wino na pindo la nguo, kautia kwenye mkoba.

Nje nikamshika Shemeji mkono. Kaniambia nisijali, ndugu ni ndugu. Kisha kauliza ule mkia wa kupunguza upepo naweza kumtengenezea mmoja kwa ajili ya duka. Tumecheka mpaka mguu ukauma.

Alhamisi, 13 Juni

Kikao cha kwanza cha Katibu mpya. Dakika ishirini tu! Ajenda zote zimekwisha, hakuna aliyerusha kiti. Sijui klabu inakwenda wapi.

Muhuri anaufungia kwenye droo ya cherehani, ufunguo shingoni. Nimeomba niugonge mara moja tu, kwenye karatasi tupu. Kasema niandike barua ya maombi. Nimeandika. Kairudisha, haina muhuri.

Lakini nani alijifunza nini hapa? Wao ndio wajifunze! Sentimita sitini zangu ndizo zilizoiokoa Kimbunga. Bila mashimo yangu, mwamuzi angepima nini? Bila bendera yangu, mpira ungeviringika kwenye nini? Mpango ulikuwa sahihi, ulichelewa tu kueleweka, hata na mimi.

Msimu ujao unaanza Agosti. Nina wazo jipya kuhusu vibendera vya kona. Wazo hilo linahitaji barua rasmi, na barua rasmi inahitaji muhuri. Basi mchana kutwa nimekaa karakanani, nimekata mguu wa stuli, nimechonga muhuri wangu mwenyewe. Herufi moja moja, kwa patasi ndogo, ulimi nje. KIMBUNGA. KATIBU MKUU. Na ua katikati. Ukiushika mkononi unasomeka vizuri, kazi ya mtu aliyetembea.

Mama Watoto kapita mlangoni, katazama, kafungua mdomo kuuliza swali. Nikamwinulia kiganja. Nikamwambia leo hapana, mama, nimefikiria yote.

Nimeupaka wino. Nimeugonga hapa chini ya ukurasa.

Umetoka kinyumenyume. Kila herufi imegeuka, kama jina lililo mbele ya gari la wagonjwa.

Nani angejua kwamba muhuri nao unabadilisha upande? Shuleni hawakutuambia.

Si kitu. Kila barua nitaiambatanisha na kioo.